Utepe Mwekundu

Kwenye jumba lao la makumbusho, karibu na Treviso,
kiatu kimelazwa ndani ya kioo kama mgonjwa,
taa tatu zinakimulika.
Msichana mwenye kipaza sauti anawaambia wageni
kwamba utepe ule mwekundu ubavuni
ni jua linapochomoza juu ya milima ya Dolomiti.
Wageni wanasema, "Aaa."
Mama ananifinya mkono. Anachekea puani.

Mama yangu ni Ersilia Pozzebon, miaka tisini na mmoja,
na utepe ule aliukata yeye
kwenye koti kuukuu la shangazi yake.

Ilikuwa hivi.
Baada ya vita Tarcisio Bordignon alikuwa na zizi,
baghala jike mmoja, jina lake Moreta,
misharasi miwili, na deni la ngozi.
Alishona viatu vya wakata magogo, vizito,
ukivivua ni kama umemtua mtoto mgongoni.
Mama alikuwa na miaka kumi na sita. Kazi yake nta:
kuupaka uzi mpaka vidole vinuke kanisa.

Ndipo akaja Fiorenzo, tarishi wa posta,
mwembamba kama barua isiyo na habari,
akataka kiatu cha kukimbilia siku ya Mtakatifu Roko.
"Chepesi kiasi gani?"
"Kama nimesahau kuvaa."

Tarcisio akakata, akapunguza, akakata tena.
Ngozi ya mbuzi; soli, tairi la pikipiki iliyoachwa na wanajeshi.
Usiku wa kuamkia mbio panya akala ubavu wa kushoto,
tundu la kupita kidole gumba.
Tarcisio aliwatukana watakatifu kwa majina, kuanzia Antonio.
Mama hakusema neno. Alichukua mkasi.
Na ili kiatu cha kulia kisionekane yatima,
akakitia kiraka nacho, ingawa kilikuwa kizima.

Fiorenzo alishinda kwa hatua saba,
na mbwa wa padre alimkingama njiani.
Jumatatu vijana kumi na mmoja mlangoni pa zizi:
"Tunataka vile vyenye utepe."
Tarcisio akaanza, "Lakini ule si ut—"
Mama akamkanyaga mguu.

Kabla ya Krismasi koti la shangazi lilikwisha.
Baada ya koti, pazia. Baada ya pazia, marobota kutoka Prato.
Zizi likawa karakana, karakana ikawa kiwanda chenye king'ora.
Moreta akafa, jina lake likapanda ukutani kwa herufi za taa,
yeye ambaye mbio hakuzijua hata alipochapwa.
Wakaja mabinti kwa baiskeli kutoka ng'ambo ya Piave,
mia, mia nne;
wakaja wana wa Tarcisio na suti zao, wakagombania kiti
kabla mzee hajapoa;
wakaja wanunuzi wa hisa, watu wa nambari.
Kisha, Februari moja, mashine zikafunguliwa parafujo,
zikapakiwa makontena, zikafuata vidole vya bei nafuu,
na mabinti, nywele zimeshapambazuka mvi,
wakapewa saa ya ukutani kila mmoja.

Saa ya mama iko jikoni. Inachelewa dakika nane.
Hataki itengenezwe.
"Iache, nayo ilifanya kazi kiwandani."

Siku hizi utepe una mawakili wake.
Ukiuiga, utaitwa mahakamani Milano.
Nimeuona miguuni mwa mtawa, mwa fundi wa paa,
mwa mtoto aliyelala kituo cha treni bila blanketi.
Kwa kuubuni mama alilipwa lira hamsini
na soseji moja.

"Kuna swali?" msichana anauliza,
tayari anageukia chumba kinachofuata.
Mama anainua mkono, polepole, kidole kile chenye kovu la sindano.

"Na panya," anauliza,
"mmemweka chumba gani?"